Anayefuta X ukutani: tunavyovielewa vibaya vimeng'enya vya saratani

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ujumbe uliopita mikono mingi hufika na mishale miwili juu yake, na ule ulikuwa nayo. Ulidai kwamba wanasayansi wamegundua kimeng'enya "kinachoilinda saratani isife", kwamba kampuni za dawa Marekani zimeshatengeneza kidonge cha kukizima, na kwamba asiye na fedha ya kidonge anywe manjano na pilipili manga kila asubuhi kabla ya chai, kazi ni ileile. Shangazi yangu, aliye katikati ya matibabu ya saratani ya titi, hakusema kitu kundini. Alinipigia. "Baba, hicho kimeng'enya, dawa yake haijafika Kariakoo?" Nilicheka, na papo hapo nikajuta, kwa sababu ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Vimeng'enya hivyo vipo. Dawa za kuvizima zipo, na tangu mwanzoni mwa muongo huu mojawapo, iitwayo KSQ-4279, imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Kilichoharibika ni neno moja, "kinachoilinda", na neno hilo limeharibika pia mikononi mwa watu wanaopaswa kujua kuliko ukoo wetu.

Hoja yangu ni hii. Vimeng'enya vinavyoondoa ubikwitini kwenye protini, ambavyo hapa nitaviita wafutaji, havifai kuwekwa kwenye kapu moja kama genge linalosubiri kukamatwa. Mfutaji mmoja anaweza kuwa mlinzi kwenye kiungo hiki na mchochezi kwenye kingine. Anaweza hata kufanya kazi zote mbili ndani ya seli moja. Ukiuliza "kimeng'enya gani kinaleta saratani" utapata orodha ndefu isiyokusaidia. Swali linalojibika ni refu zaidi: anafuta alama ipi, kwenye protini gani, ndani ya seli iliyokwisha kupoteza nini? Swali hilo refu, tukilichukulia kwa uzito, linabadilisha kile ambacho hospitali zetu zinapaswa kukihangaikia kabla hata kidonge chenyewe hakijavuka bahari.

Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi maana ya X nyekundu. Mwaka 2017, upanuzi wa Barabara ya Morogoro ulipofika Kimara, kila aliyepita pale na daladala aliziona nyumba zenye X ukutani na akaelewa: hizi zitavunjwa. Seli nayo ina X yake. Inaitwa ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76 tu, na utaikuta kwenye hamira ya maandazi kama unavyoikuta kwa mwanadamu. Protini ikichakaa, ikijikunja vibaya au ikimaliza kazi yake, vimeng'enya vya ngazi tatu hupokezana: cha kwanza kinaiamsha ubikwitini, cha pili kinaibeba, cha tatu kinaitambua protini inayohusika na kuipiga alama. Hicho cha tatu ndiye mkaguzi mwenye kopo la rangi, na mwanadamu ana wakaguzi zaidi ya 600. Ubikwitini moja hubandikwa juu ya nyingine mpaka ziwe mnyororo. Mnyororo ukifika kwenye proteasomu, mtambo wenye umbo la pipa, protini inavutwa ndani na kukatwa vipande. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2004 kwa kuifichua njia hiyo, kazi waliyoifanya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Penye X hapakosi wa kuifuta. Yupo anayeipaka chokaa usiku, yupo anayerudi mchana na karatasi ya mahakama, na ukiuangalia ukuta peke yake huwezi kumjua nani ni nani. Mwilini wafutaji ni kama 100. Ukiwatazama kwa karibu, kazi yao ni ya ustadi wa kushangaza. Ubikwitini huwa imejishikiza kwa ncha ya mkia wake, asidi amino ya 76, kwenye tawi la laisini, mojawapo ya asidi amino za protini iliyotiwa alama. Mfutaji anaikamata ubikwitini kwa mwili wake wa mviringo kama mkono unavyokamata kitasa, mkia unateleza kwenye mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo inasubiri asidi amino moja ya mfutaji, sisteini, ambayo salfa yake inaushambulia mshikizo huo na kuukata. Wachache hutumia zinki badala ya sisteini. Protini inaachiwa huru, na ubikwitini inarudi kutumika tena. Seli haitupi rangi yake.

Lakini kuna jambo ambalo ujumbe wa kundini, na magazeti mengi, hulipita. Si kila alama ni ya kuvunja. Ubikwitini yenyewe ina laisini saba, na mnyororo unaweza kujengwa kupitia yoyote. Ukijengwa kupitia iliyo nafasi ya 48 kati ya zile asidi amino 76, hiyo ni X. Ukijengwa kupitia ya 63, mara nyingi kazi yake inafanana na vile vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa mitaani mwaka 2022: inawaambia wengine wakutane hapa, kazi ianzie hapa. Wakati mwingine hakuna mnyororo kabisa, ni ubikwitini moja tu, na maana yake ni nyingine tena. Kwa hiyo anayesema mfutaji "anailinda protini isivunjwe" amesema sehemu moja ya habari, na kama tutakavyoona, dawa inayozungumzwa haimo kwenye sehemu hiyo.

Tuanze na mfutaji aitwaye USP7, maana hapo wataalamu wenyewe ndipo walipoteleza. Mwaka 2002 maabara ya Wei Gu katika Chuo Kikuu cha Columbia ilionyesha kwamba USP7 anaifutia p53 alama ya kuvunjwa. p53 ni ile protini inayoisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike, na ikibidi inaiamuru ife; karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu kwenye jeni yake. Hitimisho likaja lenyewe: USP7 anamwokoa mlinzi, basi ni mwema. Miaka miwili baadaye kundi la Bert Vogelstein, Johns Hopkins, likaing'oa kabisa jeni ya USP7 kwenye seli za saratani ya utumbo mpana. Kwa hesabu ya awali p53 ilipaswa kuporomoka. Ikapanda. Sababu ni kwamba mkaguzi anayeipiga p53 alama ya X, aitwaye MDM2, naye hupigwa alama, tena hujipiga mwenyewe, na USP7 humfutia yeye pia. Mwondoe USP7, MDM2 anavunjwa wa kwanza, na p53 inabaki bila mshitaki. Kundi la Gu lenyewe liliporudia kazi mwaka huohuo likakuta jambo la kukuna kichwa zaidi: ukimpunguza USP7 kidogo, p53 inashuka, ukimmaliza karibu kabisa, p53 inapanda. Mfutaji yuleyule, seli ileile, majibu mawili yanayopingana, na kilichobadilika ni kiasi tu.

Ningependa kila anayeandika habari za "kimeng'enya cha saratani" akae na matokeo hayo mawili kwa siku nzima kabla ya kugusa kompyuta. Yanamaanisha kwamba dawa inayomzima USP7 nusunusu inaweza kufanya kinyume cha ile inayomzima kabisa. Yanamaanisha pia kwamba kwa mgonjwa ambaye p53 yake imeharibika tangu mwanzo, kuipandisha ni kumrudisha kazini askari asiye na bunduki. Na USP7 hamshughulikii p53 peke yake: vijusi vya panya visivyo na USP7 hufa mapema tumboni, na vinakufa hata p53 nayo ikiondolewa, maana yake ana wateja wengine ambao mwili hauwezi kuishi bila huduma yao. Molekuli safi za kumzima USP7 bila kuwagusa jamaa zake zilichapishwa mwaka 2017 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja. Hadi naandika haya, hakuna dawa ya kumzima mfutaji yeyote iliyoidhinishwa kutibu saratani.

Upande wa pili wapo wafutaji ambao kosa lao ni kutokuwepo. Kuna familia ambazo watu wake huota vinundu kichwani kuanzia ujana, vingi hata kufunika ngozi yote ya kichwa, na vitabu vya zamani viliuita ugonjwa huo uvimbe wa kilemba. Jeni inayohusika, CYLD, ilipatikana mwaka 2000, na mwaka 2003 makundi matatu yalieleza kwa pamoja kazi yake: CYLD ni mfutaji, na anachofuta ni ile minyororo ya laisini ya 63 inayowasha swichi ya NF-kB, swichi inayoiambia seli ijihami na isikubali kufa. CYLD akikosekana, swichi inabaki imewashwa kama bomba lililokatika koki. BAP1 naye ni mfano mzito zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichunguza saratani za ndani ya jicho ziitwazo melanoma, zile za aina inayosambaa hadi kwenye ini, wakakuta jeni ya BAP1 imeharibika kwenye 26 kati ya 31. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba anayezaliwa na BAP1 mbovu yuko hatarini kupata mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu ambayo kwa kawaida tunaihusisha na asbesto. Alama anayoifuta BAP1 iko kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushwa kama uzi kwenye kibiringo, na haina uhusiano na kuvunjwa kwa chochote. Mtu akikuuzia dawa ya "kuzima vimeng'enya hivi", muulize kama amewatoa hawa wawili kwenye orodha.

Na mfutaji mwingine, USP9X? Mwaka 2010 alikutwa akiiokoa MCL1, protini inayozisaidia seli za saratani za damu zisife. Mwaka 2012 utafiti wa panya ukamkuta akizuia saratani ya kongosho. Kila upande una ushahidi wake na pande zote mbili ziko sahihi.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani nadai eneo hili liachwe. Sidai hivyo, na wenye matumaini wana hoja nzito inayostahili kuelezwa vizuri kuliko wanavyoieleza wao wenyewe. Saratani nyingi zinaendeshwa na protini ambazo hazishikiki kwa dawa kwa sababu hazina shimo wala mfereji wa kuingiza molekuli. MYC ni mfano mkuu. Mfutaji anao mfereji, tena wenye sisteini inayopenda kushikana na kemikali. Kama MYC inaishi kwa sababu fulani anaifutia alama, na USP28 ni mmoja wa wanaofanya hivyo, basi mkamate mfutaji na MYC itavunjwa kwa taratibu za seli yenyewe. Historia nayo inawaunga mkono. Lilipotolewa wazo la kuizuia proteasomu, wengi waliona ni kichaa: utawezaje kufunga mtambo wa taka wa kila seli mwilini bila kumuua mgonjwa? Lakini bortezomibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa mieloma, saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili, na imekuwa nguzo ya tiba yake. Seli za mieloma huzalisha protini kwa wingi wa kupindukia, na taka zikikwama ndizo zinazolemewa kwanza. Swali lililosaidia si kama proteasomu ni nzuri au mbaya. Ni seli gani haiwezi kuvumilia ikosekane.

Wenye shaka nao wana mfano wao, na ni wa huzuni. Dawa iitwayo VLX1570 ilikusudiwa kuwazima wafutaji wawili wanaokaa mlangoni mwa proteasomu, USP14 na UCHL5. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa mieloma, wawili waliopewa dozi ya juu zaidi walipata ghafla shida kubwa ya kupumua, mapafu yakajaa, wakafariki, na jaribio likasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa wenye shaka hiyo ni hukumu: wafutaji wana wateja wengi mno, ukimgusa mmoja umegusa mia. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka huohuo wanakemia walionyesha kwamba molekuli ile na iliyoitangulia, b-AP15, zina ncha kali zinazong'ang'ania sisteini za protini za kila namna na kuzigandanisha kama maziwa yaliyokatika. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba vifo vile vilitokana na kuzimwa kwa USP14. Huenda vilitokana na dawa isiyojua inamshika nani. Hoja ya wenye shaka inabaki na uzito wake kuhusu wingi wa wateja, lakini ushahidi wao mkuu unahusu ubovu wa kisu kuliko ubaya wa upasuaji.

Hoja dhaifu kuliko zote haitoki kwa yeyote kati ya hao. Inatoka kwenye mtindo wa tafiti ambao sasa umekuwa kama kiwanda: chukua sampuli za uvimbe, pima kiasi cha mfutaji fulani, kuta ni kingi kuliko kwenye nyama ya kawaida, kuta wenye kingi wanaishi muda mfupi, andika kwamba kimeng'enya hicho "kinachochea" saratani. Ukienda kwenye kila nyumba inayoungua utakuta gari la zimamoto. Ukihesabu utakuta moto mkubwa una magari mengi zaidi na hasara kubwa zaidi. Seli inayogawanyika kwa kasi ina kila kitu kwa wingi, wakiwemo wafutaji wanaohangaika kuituliza. Ili useme kinachochea, lazima ukiondoe uone uvimbe unapungua, ukirudishe kikiwa kizima uone unakua, kisha ukirudishe kikiwa kimevunjwa ile sisteini yake ya kukatia uone haukui. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha kwamba ni kazi ya kufuta alama iliyoleta matokeo, na ndiyo inayorukwa mara kwa mara.

Manjano ya shangazi yanatoka kwenye kiwanda hichohicho, mlango wa nyuma. Ni kweli kwamba kurkumini, rangi ya manjano, ikimwagwa kwenye sahani ya maabara inawazima wafutaji kadhaa. Inazima pia karibu kila kitu kingine utakachokiweka kwenye sahani hiyo. Ina ncha kali za aina ileile niliyoitaja kwa VLX1570. Mapitio ya wanakemia ya mwaka 2017 yalihesabu majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu na hayakukuta hata moja lenye kundi la kulinganishia, lililofanywa kwa kificho pande zote mbili, lililofanikiwa. Utumbo wenyewe hauifyonzi sawasawa, ndiyo sababu waandishi wa ujumbe wakaongeza pilipili manga: piperini yake inawazubaisha wasafishaji wa ini, yaani vimeng'enya vinavyoondoa kemikali mwilini, ili kurkumini ipite. Tatizo ni kwamba wasafishaji haohao ndio wanaoshughulikia dawa za hospitali. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya wagonjwa wanaotumia tamoxifeni na kukuta kwamba vidonge vya kurkumini pamoja na piperini vilishusha kiwango cha endoxifeni, lile umbo la dawa linalofanya kazi yenyewe. Tamoxifeni ni dawa ya saratani ya titi. Hapo sikucheka tena.

Turudi kwenye dawa iliyoanzisha yote haya. KSQ-4279 inamzima USP1. Kinacholengwa hapa si ufutaji wa X ya kuvunjwa. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuondoa ubikwitini moja moja kwenye PCNA na FANCD2, protini zinazokaa juu ya DNA wakati wa kunakiliwa na kukarabatiwa. Alama hiyo ni sawa na bendera nyekundu ya mafundi barabarani: kuna kazi hapa. Kazi ikiisha, USP1 anaiondoa bendera na magari yanapita. Mzuie, bendera zinarundikana, mafundi wanakwama, na DNA inaanza kukatika mahali ambapo haikupaswa. Seli ya kawaida ina njia ya pili ya kuunga DNA iliyokatika, na jeni za BRCA1 na BRCA2 ni sehemu ya njia hiyo. Seli ya uvimbe iliyopoteza BRCA haina njia ya pili, inakufa. Hii ni mantiki ileile ya olaparibu, dawa ya saratani iliyoidhinishwa mwaka 2014, na majaribio ya KSQ-4279 yameijaribu peke yake na pamoja na olaparibu yenyewe. Angalia basi umbali uliopo kati ya ukweli na ujumbe wa kundini. USP1 "haiilindi saratani". Anaitunza DNA ya kila seli, yangu na yako. Kinachoifanya dawa iwe dawa ni upungufu uliomo kwenye uvimbe, na upungufu huo hauonekani kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida. Lazima jeni zisomwe.

Nimesikia hoja kwamba mazungumzo haya hayatuhusu, kwamba nchi ambazo wagonjwa wake wanapanga foleni ya mionzi hazina haja ya kujua USP1 ni nini. Naiheshimu. Ukinipa shilingi moja ya saratani Tanzania, nitaiweka kwenye chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kabla ya kitu kingine. Lakini tazama hiyo HPV inafanya nini: protini yake ya E6 inamshika mkaguzi wa seli yetu, E6AP, inampeleka mbele ya p53 na kumlazimisha aipige X. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake wetu, ni ugonjwa wa alama ya X iliyopigwa kwenye nyumba isiyostahili. Chanjo, ambayo Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 na tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja, inazuia mkono huo usifike ukutani.

Kuna kisa kingine kinachoanzia hapa kwetu zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache. Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe kiliwekwa kwenye chupa na kusafirishwa kwa ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa na mawingu kama yaliyoharibika. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyaweka chini ya hadubini akakuta seli hai zinaelea. Kutoka kwenye seli hizo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr waliona mwaka 1964 virusi ambavyo leo vina majina ya wawili wao. Miaka arobaini baadaye watafiti wa Toronto walionyesha kwamba protini moja ya virusi hivyo, EBNA1, inamng'ang'ania USP7 palepale ambapo p53 hushika, tena kwa nguvu kuliko p53. Virusi vilijifunza kumshughulisha mfutaji zamani kabla ya maabara yoyote. Nyama iliyofungua mlango huo ilitoka Uganda. Si haki tukasema maarifa yake ni anasa kwetu.

Hata hivyo sitaki hoja hiyo ya fahari inifunike macho. Dawa hizi zikifika, zitafika na sharti: onyesha kwamba uvimbe wa mgonjwa huyu una hitilafu hii. Kliniki isiyoweza kujibu haitapewa dawa, au itapewa na kuitumia ovyo, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu mfutaji anayezimwa kwa mtu asiyefaa anaweza kuwa CYLD wa mwingine. Ndiyo maana naona uwekezaji wa kwanza uende patholojia: mtaalamu wa kukata na kusoma nyama, mashine ya kusoma jeni inayohudumia kanda, na kabla ya vyote hivyo, kabati. Kila nyama inayokatwa kwa uchunguzi hugandishwa kwenye nta, kipande cha ukubwa wa kete ya dhumna, na kikitunzwa pakavu kinaweza kusomwa jeni zake miaka baadaye. Kikitupwa, swali la BRCA la uvimbe ule limetupwa nacho.

Nilimwomba shangazi anipigie picha karatasi ya majibu yake. Ilikuwa na mistari minne iliyochapwa na muhuri uliokaa juu ya sahihi. Aina ya saratani ilikuwepo, daraja lilikuwepo. Vipokezi vya homoni: pameachwa wazi, ingawa alikuwa tayari anameza tamoxifeni, dawa inayotegemea vipokezi hivyo. Namba ya kipande cha nta ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu pembeni. Jumatatu tulikwenda naye dirishani, tukaitaja namba. Kijana wa mapokezi akatuangalia kama tumeuliza habari za kiatu cha mwaka jana, akaingia ndani, akakaa dakika ishirini. Alirudi na bahasha ndogo ya kaki. "Mama, hiki hapa," akasema. "Watu huwa hawavifuatilii." Shangazi akakigeuzageuza kwenye mwanga, kijivu ndani ya nta nyeupe, akaniuliza kama ndicho chenyewe kilichotoka kwake.